Siku Kabwe Alipofunga Pointi Ishirini na Sita Bila Kusimama

Kama munataka kucheka, chekeni sasa mumalize, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatwa kauli. Ndiyo, mimi njo yule karani wa basketi aliyeumbuka mbele ya Kalemie nzima na mikro mukononi, na kama habari hii muliipata kwa muntu mwingine basi mulipewa nusu, maana wengine wanaijua kwa masikio na mimi naijua kwa jasho.

Ilikuwa miaka ile ya Zaire, ya abakosti, zile koti za kuvaa bila tai, na kuitana sitwayeni, yaani raia, Jumamosi asubuhi muji wote unafanya salongo, tunazibua mitaro na kufagia barabara, halafu mchana kila muntu anajua pa kwenda, uwanja wa basketi. Mimi nilikuwa kijana wa Kabalo, nilikuja Kalemie na treni na sanduku moja la bati, nikapata kazi ya karani kwenye biro ya magazini ya mizigo pale bandarini. Nilikuwa na vitu viwili tu vya kujivunia: mwandiko wangu (mapadri walinichapa vidole mpaka herufi zikanyooka) na Mauwa.

Mauwa nitawaambia baadaye, kwanza baba yake. Baba yake nitamuita Numero Nane, na musiniulize zaidi. Kwao, na hata kwetu, mukwe hatajwi jina. Siku mushenga wako anapobisha hodi kwa wazazi wa binti, siku ile ile majina yao yanafungwa mudomoni mwako. Ukimuona Mama mukwe anakuja njiani, wewe unaingia kwenye majani mpaka apite, na jina la muzee ukilitaja mbele ya watu ni kama umemuvua nguo. Sasa mushenga wangu alikuwa amebisha hodi wiki mbili kabla. Jibu lilikuwa litoke Jumapili. Mambo ninayowaambia yalitokea Jumamosi.

Huyo Numero Nane alikuwa mukubwa wa wapakuzi wa meli, miaka arobaini na mitano, kipara safi, magoti yote mawili amefunga bandeji, na bado njo alikuwa kapiteni wa timu ya basketi ya Bandari, fulana namba nane. Vijana walikuwa wanamupita mbio wanavyotaka, lakini akifika chini ya panye, kile kikapu cha kufungia, na mabega yale, hakuna muntu wa kumutoa. Na alikuwa na kaye. Kaye ya shule, imefunikwa na karatasi ya kaki, tangu ujana wake anaandika humo kila muchezo: pointi zake ngapi, rebo ngapi, ile mipira iliyokosa panye akairukia na kuishika. Fote, yale makosa ya kumugonga muntu, hakuandika. Alisema fote ni maneno ya arbitri na filimbi yake.

Mauwa aliniambia mapema, tukiwa tunatembea kando ya ziwa, akanishika mukono kabisa ili nielewe: "Ngoy, Papa anaweza kusamehe muntu aliyemuibia kuku. Aliyemupunguzia pointi, hapana." Kulikuwa na seremala mumoja aliyemutaka dada yake Mauwa, siku moja akasema kwa mchezo tu kwamba muzee amefunga nane, kumbe alifunga kumi. Seremala yule siku hizo alikuwa anatengeneza madirisha kule Moba.

Basi Jumamosi ile Bandari walicheza na timu ya Reli ya Kabalo, na aliyeshinda njo alikwenda Lubumbashi kwenye fainali. Muji wote ulikuwa pale uwanjani, kwenye ile simenti iliyopasuka, wamama na pagne zao, vitenge vya siku kubwa, na upepo wa ziwa unageuza kila karatasi. Na kwa mara ya kwanza tuliletewa delege, mujumbe wa ligi, abakosti ya kijivu, miwani, mufuko wa ngozi, na neno jipya: statistiki. Akatueleza kama watoto wa darasa la kwanza. Kila muchezaji ana mustari wake kwenye karatasi, jina, numero, pointi, rebo, fote. Karani anaandika yote, anayasoma kwenye mikro wakati wa mapumziko na mwisho, jina kwa jina. Halafu karatasi inakwenda Lubumbashi, kule wanachagua wachezaji bora wa rejo yote, mukoa muzima.

Muntu wetu wa mikro alikuwa amekwenda matanga Moba na boti. Delege akauliza: "Nani hapa anaandika vizuri?"

Na nani akaninyooshea kidole? Numero Nane mwenyewe! "Yule kijana. Mwandiko wake kama wa mashini." Watu wakageuka. Nikaona Mauwa ananitazama, na Mama mukwe pembeni yake (nikashusha macho haraka), nikasikia raha kama nimekwisha kupewa muke. Ningeweza kusema nina malaria. Ningeweza kusema macho yananiuma. Nikasema: "Sawa, Papa." Nikakaa. Yote niliyokula baadaye nilijipakulia pale.

Mezani tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Papa Useni, muzee wa familia ya wafanyabiashara wa ziwani, kofia nyeupe, na saa yake ya mezani yenye kengele, kwa sababu njo saa pekee muji mzima ulikubali kuiamini. Kazi yake ilikuwa kushika dakika na kuangalia fote: muchezaji akifikisha tano, anapiga kengele na muntu anatoka. Papa Useni hakuwa na mchezo na haki. Angeweza kukutafuta nyumbani usiku kukurudishia kiberiti.

Nikaanza kunakili majina. Kabalo wote, vizuri, herufi zinang'aa. Bandari: nne, tano, sita, saba. Nikafika nane, biki ya kuandikia ikasimama.

Ee Mungu wangu. Nikaiangalia biki, nikaangalia mustari. Nikajiambia kutaja ni kwa mudomo, kuandika si kutaja. Halafu nikajiambia, lakini hii karatasi nitaisoma kwenye mikro, na mukono huu unaoandika njo huo huo utapeleka kuku kwa mukwe kesho, siku ya jibu. Nikaruka. Nikaacha mustari wa nane mweupe, nikaandika tisa: Kabwe. Nikafikiri, Papa Useni atanisaidia, yeye si mukwe wa muntu hapa, ataliandika na atalisoma.

Nikamugeukia. "Papa Useni, samahani kidogo..."

"Ngoja, mwanangu, saa yangu haijakaa sawa."

Kumbe delege alikuwa amesimama nyuma yangu, miwani iko juu ya bega langu. "Sitwayeni karani, hapa kwenye nane pako wazi. Mustari usio na jina hauandikwi kitu. Hata pointi moja. Kule Lubumbashi wakikuta muchezaji asiye na jina, timu yote wanaifuta." Kabla sijafungua mudomo, arbitri akapiga filimbi. Arbitri alikuwa mwalimu Kasongo, anafundisha hesabu, na yeye na filimbi yake hawangoji muntu. Papa Useni naye akainamia saa, na akiwa ameinamia saa hata nyumba yake iungue hasikii.

Dakika ya kwanza tu, nani anafunga? Numero Nane. Mwalimu Kasongo akanigeukia, akainua vidole: "Nane! Pointi mbili!"

Mustari wa nane hauandikwi kitu. Na chini yake kuna mustari wa Kabwe, safi, mutupu, hauna kazi, kwa sababu Kabwe hakuwa na nia yoyote ya kucheza. Kabwe alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, munene, ana jipu chini ya muguu, alivaa fulana namba tisa kwa sababu moja tu, kila aliyevaa fulana alipewa chupa ya limonadi. Alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu cha wachezaji wa akiba, muguu juu ya tofali, anamenya karanga.

Nikasema, niziweke kwa Kabwe kwa muda tu, kama unavyoweka chumvi yako kwa jirani mvua ikinyesha. Mapumziko nitazihamisha. Kwenye mikro nikapiga kelele: "Panye ya Bandari!" bila jina, watu wakashangilia, hakuna aliyeuliza.

Ikawa rahisi mpaka nikaanza kujisifu moyoni. Nane anafunga, naandika tisa. Nane anaruka anashika rebo, naandika tisa. Nane anampiga kijana wa Kabalo kiwiko cha mbavu, mwalimu Kasongo anasema "Nane, fote!", naandika tisa. Mapumziko yakafika. Nikamugeukia Papa Useni mbio, nikakuta kiti kitupu: amekwenda kuswali alasiri. Na kwenye kiti chake amekaa delege, anafungua limonadi, ananisukumia mikro.

"Soma, sitwayeni. Jina kwa jina."

Nikasoma Kabalo polepole sana, nikimuomba Mungu aharakishe swala ya Papa Useni. Nikasoma Bandari, nne, tano, sita, saba. Nikakohoa mahali pa nane. Halafu nikasema, na spika kwenye nguzo ikapeleka sauti yangu mpaka majini: "Numero tisa, Kabwe. Pointi kumi na mbili. Rebo saba. Fote tatu."

Uwanja wote ukageuka kumutazama Kabwe. Kabwe akaacha kumenya karanga. Akajiangalia fulana yake, tisa, ndiyo, ni yeye. Watu wakaangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini, na Kabwe, muntu wa watu, akainua chupa yake ya limonadi kusalimia.

Numero Nane hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya simenti, mikono kiunoni, bado anangoja mustari wake usomwe. Aliningoja vile mpaka nikaweka mikro chini. Mauwa alikuwa ameshika kichwa. Nilijua anawaza madirisha ya Moba, na mimi niliwaza hayo hayo.

Mutaniuliza, kwa nini usimwambie delege ukweli pale pale? Bakubwa, ningesema nini? "Sitaji jina kwa sababu ni mukwe wangu"? Jibu lilikuwa bado! Muntu anayejitangaza mukwe kabla wazee hawajakubali, huyo hata mushenga anamukimbia. Basi nikakaa na siri yangu kama muntu amekalia siafu.

Nusu ya pili muzee aliingia na hasira. Sijapata kuona muntu mwenye bandeji mbili anacheza vile. Alikuwa akifunga ananitazama mimi, si panye. Panye, ananitazama. Rebo, ananitazama. Na kila anayesimama mbele yake anakwenda chini. Kabwe naye, kwenye karatasi, alikuwa anang'aa: kumi na nne, kumi na sita, kumi na nane. Na fote ya nne. Na fote ya tano.

Papa Useni alikuwa amerudi, ametulia, amebarikiwa. Akaangalia visanduku vya fote, akaona tano zimejaa, akapiga kengele ya saa. Trrrrr! "Numero tisa! Fote tano! Atoke!"

Mwalimu Kasongo akatafuta namba tisa uwanjani, hakuiona. Akaifuata mpaka kwenye kiti kirefu.

"Tisa, toka."

"Nitoke wapi, mwalimu?" Kabwe akasema. "Mimi niko nje tayari."

"Karatasi inasema fote tano. Mwenye fote tano hawezi kukaa hapa. Toka."

"Fote nimemupiga nani? Nilikuwa na karanga mukononi!"

"Basi weka na karanga chini!" Na akamunyooshea kidole mpaka nje ya kamba. Kabwe akainuka, muntu wa watu, anachechemea na jipu lake, tofali kwapani, akapita mbele ya Kalemie yote akisema, "Jamani, munaona? Munaona vile wananifanya?" na watu wengine, nakwambia kweli, wakamupigia makofi. Akaketi nyuma ya ukuta.

Sasa fote ya sita ya muzee niiweke wapi? Visanduku vya tisa vimejaa. Nikaiandika kwenye kiganja changu. Ya saba, kiganja. Ya nane, kiganja. Ya tisa, kiganja, wino unachanganyika na jasho. Pointi lakini zilikuwa bado na nafasi, kwa hiyo Kabwe aliendelea kufunga akiwa nyuma ya ukuta, akafunga nane nyingine huko huko. Ya mwisho, sekunde chache kabla kengele haijalia, muzee aliwabeba watu wawili mugongoni akaiweka ndani. Bandari hamsini na nane, Kabalo hamsini na saba.

Muji ukapasuka kwa furaha. Hata mimi nilisahau, nikaruka na biki yangu.

Delege akachukua karatasi, akasoma, akatikisa kichwa kwa heshima, akashika mikro mwenyewe. Akasema ametembea rejo yote lakini hajaona statistiki kama hizi, pointi ishirini na sita kwa muntu mumoja, na kwamba muchezaji bora, atakayepewa mupira mupya na jina lake kupelekwa Lubumbashi, ni numero tisa, Sitwayeni Kabwe!

Kabwe akatokea nyuma ya ukuta na maganda ya karanga kwenye ndevu. Na munafikiri alikataa? Aka! Alichukua mupira, akaomba mikro. "Nashukuru," akasema. "Nilijitahidi. Muguu ulikuwa unaniuma, lakini nilijitahidi."

Hapo kapiteni wa Kabalo akaja mezani kwa hasira: "Tisa gani! Sisi tumepigwa na muzee wa nane, viwiko tisa tumehesabu, na hakutolewa!" Na nyuma yake, polepole, na kipara kinatoa moshi, akaja Numero Nane. Aliweka kidole juu ya mustari mweupe.

Delege akavua miwani. "Huyu ni nani? Kwenye karatasi huyu muntu hayuko."

"Muulize karani," akasema muzee.

Watu wote wakaanza kulipiga kelele jina lake, uwanja muzima, kila muntu wa Kalemie anamujua, delege angeweza kuliandika mara mia. Lakini akainua mukono. "Makelele ya watu hayaingii kwenye karatasi. Karani aliyesaini njo anataja, mwenyewe, kwenye mikro, mbele ya timu mbili. Ama ninaandika kwamba Bandari walichezesha muntu asiye na jina, na wamepigwa ishirini kwa sifuri."

Ningefurahi ardhi ipasuke niingie. Nisiposema, nimemufuta muzee, pointi zote, na timu yake. Nikisema, nimemuvua nguo, na kesho njo siku ya jibu. Nikashika mikro, nikataka kusema kwa sauti ndogo, kwa delege peke yake, lakini mikro haijui sauti ndogo, na spika ikatangaza mpaka sokoni: "SIWEZI, NI MUKWE WANGU!"

Wamama wakasema "Yoo!" kwa pamoja. Mama mukwe akajifunika kichwa na pagne, akainuka, akaondoka moja kwa moja bila kugeuka. Mauwa alilia ama alicheka, mpaka leo hataki kuniambia.

"Mila ni nzuri," delege akasema, "lakini basketi ina sheria zake. Jina."

Nikafumba macho nikalitaja. Lote. La kwake, la baba yake, na la ukoo. (Hapa silitaji. Musinitege.)

Nilipofumbua macho muzee alikuwa anajifuta kipara na fulana, taratibu. Halafu akauliza, kwa sauti ya muntu mugonjwa: "Ngapi?"

"Ishirini na sita, Papa."

"Andika."

Nikaandika, mbio, nikahamisha zote kutoka kwa Kabwe, na nilifikiri angalau hapo nimemaliza. Lakini Papa Useni, muntu wa haki, akanishika mukono, akaufungua kiganja changu mbele ya delege kama anafungua kitabu. "Na fote, mwanangu? Wallahi, hapa naona nne. Na tano za kule. Zote zihamie."

Zikahama. Fote tisa. Kapiteni wa Kabalo alipiga yowe. Delege akachukua biki nyekundu: muntu aliyefikisha tano alikuwa atoke, basi kila alichofunga baada ya ya tano ni bure. Akakata pointi nane. Muzee akabaki na kumi na nane, Bandari wakabaki na hamsini, na Kabalo na hamsini na saba yao wakawa wameshinda. Mupira mupya ukatolewa mikononi mwa Kabwe, na huyo njo alilia kweli.

Munafikiri imekwisha? Wachezaji wa Kabalo wakakumbuka mimi ni muntu wa wapi! "Mutoto wa kwetu! Mutoto wa kwetu ametuokoa!" Nikiwapigia makelele waniache, wakaninyanyua mabegani, wakanipeleka na nyimbo mpaka stesheni, na njia ya stesheni inapita mbele ya kwao Mauwa. Mama mukwe alikuwa njo anafungua mulango. Nilitakiwa kuingia kwenye majani, lakini muntu aliyebebwa mabegani anaingiaje kwenye majani? Nilijifunika uso na karatasi za statistiki, nikapita juu yake nikiimbiwa.

Jumapili mushenga wangu aliniuliza tunakwenda kufanya nini, kuzika? Nilimwambia twende hivyo hivyo. Tukachukua kuku mweupe, wa kuosha mudomo uliotaja jina, tukaenda.

Muzee alikuwa amekaa, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji moto na chumvi. Kaye iko kwenye mapaja, imefunguliwa. Mama mukwe alikuwa nyuma ya pazia, nilisikia anapanga sahani. Muzee hakumuangalia kuku. Aliniambia: "Ile ya jana ilikuwa ya mwisho. Magoti yameniambia tangu mwaka jana. Nilitaka niifunge hii kaye vizuri."

Nikasikia vibaya, si aibu tena, vibaya kabisa. Ilikuwa ya mwisho, na aliniweka mimi mezani kwa sababu alitaka ya mwisho iandikwe na mwandiko mzuri.

"Delege amesema kumi na nane," akasema. "Na wewe unasema ngapi?"

"Ishirini na sita, Papa. Nilizihesabu zote, moja moja. Niliziweka kwa muntu mwingine, lakini nilizihesabu."

Akaninyooshea biki. "Andika wewe."

Nikaandika na mwandiko wangu wote.

"Na fote?" akauliza, ananitazama.

"Fote ni maneno ya arbitri, Papa."

Nyuma ya pazia sahani zikanyamaza, halafu nikasikia Mama mukwe anacheka, anajizuia, anacheka tena. Muzee akafunga kaye. Kuku akapokelewa. Mauwa nimepewa, munamujua, njo huyo aliyewapikia bukari muliyokula sasa hivi. Lakini muzee alitoa hukumu mbili. Ya kwanza, nyumbani kwake sikuitwa tena Ngoy, niliitwa Numero Tisa. Ya pili, mutoto wetu wa kwanza wa kiume ataitwa jina lake, "ili huo mudomo wako ujifunze adabu ndani ya nyumba yake mwenyewe."

(Kabwe? Barua ilitoka Lubumbashi miezi mitatu baadaye. Karatasi ilikuwa na wino mwekundu na jasho na mikato mingi, hawakuweza kusoma kitu isipokuwa jina lake. Wakamuita kwenye timu ya rejo. Alikwenda. Alikula kule wiki mbili, akarudi amenona zaidi.)

Mutoto wa kiume alikuja, na jina akapewa. Miaka sita nilimuita Papa, nikamuita Wewe, nikamuita Muzee, akipotea sokoni namutafuta kwa kupiga miluzi. Mpaka siku ya kumupeleka shuleni. Nikaingia kwa mukubwa wa shule, na mukubwa wa shule ni nani, mwalimu Kasongo, sasa na mvi. Akafungua kitabu, akashika biki, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Jina la mutoto?"

Nikakohoa. Akainua kichwa. Akanitambua.

"Ngoy," akasema, "mustari usio na jina hauandikwi kitu."

Jasho likanitoka lile lile la siku ile. Nikamuangalia mutoto, mutoto akaniangalia, akaona baba yake amekwama, akapanda juu ya kiti, akalitaja mwenyewe kwa sauti, lote, la kwake, la baba ya mukwe wangu, na la ukoo. Na mimi, muntu muzima na ndevu zangu, nikashusha macho chini mbele ya mutoto wa miaka sita asiye na meno ya mbele.

Tangu Jumamosi ile sijakaa tena kwenye meza ya muchezo wowote. Hata watoto wakicheza mpira wa matambara hapa ufukoni wakiniomba niwahesabie magoli, ninawaambia mimi sikusoma.